Kuvunja nambari ya tarakimu 24 kwa kalamu na karatasi: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. Mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Umoja anauliza atajuaje kama nambari ndefu ni tasa. Fundi wa simu wa Luthuli Avenue anauliza mbona kalkuleta inamwekea herufi E ndani ya jibu. Mzazi anataka kumsaidia mtoto kazi ya vigawo, na hesabu aliziacha siku nyingi. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa kutumia nambari moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Nambari yenyewe ni hii:

111,111,111,111,111,111,111,111

Ni tarakimu 24, zote moja. Inatisha kwa urefu, lakini inavunjika yote kwa mkono, hata ukiwa umekwama kwenye foleni ya Thika Road. Ukifika mwisho utakuwa umepata vigawo vyake tasa vyote, idadi ya vigawo vyake vyote, jumla ya vigawo hivyo, na jambo moja la desimali ambalo mimi hulipenda kuliko yote.

Shika neno moja kabla hatujaanza: urefu wa nambari haukuambii ugumu wake. Umbo lake ndilo linalokuambia. Anayeanza hukimbilia kugawanya, na hapo ndipo anapochoka na kukata tamaa. Itazame nambari kwanza.

Istilahi ni chache. Kigawo ni nambari inayogawanya nyingine bila baki. Nambari tasa ina vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Nambari isiyo tasa inaweza kuvunjwa kuwa nambari tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa kila nambari kuna njia moja tu ya kuivunja hivyo, ukiacha mpangilio. Ndiyo maana watu wawili wakifanya kazi sawasawa, mmoja Kawangware na mwingine Kasarani, lazima wapate jibu moja.

Unachohitaji

- Daftari la miraba, lile la hesabu la shule ya msingi. Tarakimu moja kwa kila mraba. Usitumie karatasi tupu, kwa sababu tarakimu zikipishana safu umepotea.
- Kalamu ya risasi na kifutio.
- Kalkuleta yoyote, kwa migawanyo midogo tu.
- Orodha ya nambari tasa za chini ya 100: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97. Inakili ndani ya jalada la daftari.
- Kama unayo, simu au kompyuta yenye Python, lugha ya kuandikia programu. Si lazima. Nimeiweka mwishoni kwa makusudi, ili stima ikipotea kazi isisimame.

Hatua ya 1: Ihesabu, kisha ikate kuanzia kulia

Hesabu tarakimu mara mbili. Moja ikipungua unashughulika na nambari nyingine kabisa, na utaona huko mbele jinsi tarakimu moja inavyobadilisha kila kitu.

Kisha ikate makundi ya tatu tatu ukianzia kulia. Kwa nambari yetu haitaonekana tofauti kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 3, lakini jizoeze tangu sasa. Nambari kama 1234567 hukatwa 1 | 234 | 567. Anayeianza kushoto hupata 123 | 456 | 7, na kila jaribio la hapo chini litamdanganya.

Hatua ya 2: Soma umbo

Usigawanye chochote bado. Jiulize: tarakimu ni 24, na 24 inagawanyika kwa nini? Kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Kila mojawapo ya nambari hizi inakupa kigawo bure.

Chukua 3. Nambari yetu ni kundi la 111 lililorudiwa mara nane, kwa hiyo ni sawa na 111 × 1,001,001,001,001,001,001,001. Basi 111 ni kigawo. Kwa makundi ya mbili mbili, 11 ni kigawo. Kwa makundi ya nne, 1111. Kwa ya sita, 111,111. Kwa ya nane na ya kumi na mbili, vivyo hivyo.

Kwa muda mfupi hivyo umethibitisha kwamba nambari hii si tasa, na hujagawanya hata mara moja. Linganisha na njia ya nguvu. Kipeuo cha pili cha nambari hii kinazidi kidogo 333,333,333,333. Ukiamua kujaribu kila nambari kuanzia 2 hadi hapo, moja kwa sekunde, utahitaji zaidi ya miaka elfu kumi. Ni kama kumtafuta mtu River Road kwa kubisha kila mlango wakati jina la jengo umeshaandikiwa.

Onyo: kanuni hii haigeuzwi. Idadi ya tarakimu ikiwa si tasa, nambari ya moja tupu nayo si tasa. Lakini idadi ikiwa tasa, hakuna ahadi. 111 ina tarakimu tatu, na 3 ni tasa, ila 111 = 3 × 37. Nayo 11,111 = 41 × 271.

Hatua ya 3: Majaribio ya haraka

Inaishia na 1, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 24. Hiyo inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9, basi 3 imo mara moja tu. Andika pembeni: 3.

Tarakimu mbili za mwisho ni 11, na 11 ukigawanya kwa 4 inabaki 3. Mraba wa nambari witiri daima hubakisha 1 ukigawanywa kwa 4, kwa hiyo nambari yetu haiwezi kuwa mraba wa nambari nzima. Hilo limekwisha.

Hatua ya 4: Makundi ya tatu tatu

Hapa ndipo penye utamu, usiharakishe.

Nambari 1001 ni sawa na 7 × 11 × 13. Kwa kuwa 1000 ni pungufu ya 1001 kwa moja tu, ukikata nambari makundi ya tatu kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu kutoka kulia, unachopata kina baki lile lile la nambari nzima ukigawanya kwa 7, kwa 11 au kwa 13. Jaribio moja linajibu maswali matatu.

Kwa nambari yetu: 111 − 111 + 111 − 111 + 111 − 111 + 111 − 111 = 0.

Sifuri inagawanyika kwa kila moja ya hizo tatu. Naomba usome sentensi hiyo tena, maana wengi wakiona 0 hudhani jaribio limeshindikana. La, limefaulu. Andika pembeni: 7, 11, 13.

Sasa chukua makundi yale yale lakini ujumlishe tu, bila kutoa. Hili ni jaribio la 999, ambayo ni 27 × 37. Makundi nane ya 111 yanatoa 888, na 888 ÷ 37 = 24 kamili. Andika: 37.

Ili uone kwamba njia hii haihitaji nambari ya moja tupu, jaribu 123,456,789,012. Kutoka kulia: 12 − 789 + 456 − 123 = −444. Ondoa alama ya kutoa, ugawanye 444 kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Zote zinabakisha kitu, kwa hiyo hakuna hata moja. Kujumlisha: 12 + 789 + 456 + 123 = 1380, na 37 × 37 = 1369, inabaki 11. Basi 37 nayo haimo. Umeondoa nambari tasa nne kwa mistari miwili.

Hatua ya 5: Badilisha ukubwa wa makundi

Kanuni ni ile ile, kinachobadilika ni upana wa kundi. Katika majaribio yote manne yafuatayo unatoa na kujumlisha kwa zamu.

Makundi ya mbili hujaribu 101. Tuna makundi kumi na mawili ya 11, yanamalizana, jibu ni 0. Andika: 101.

Makundi ya nne hujaribu 10,001, ambayo ni 73 × 137. Makundi sita ya 1111 yanamalizana, jibu 0. Andika: 73, 137.

Makundi ya sita hujaribu 1,000,001, ambayo ni 101 × 9901. Makundi manne ya 111,111, jibu 0. Andika: 9901. (101 tayari unayo, usiiandike tena.)

Makundi ya kumi na mbili hujaribu 1,000,000,000,001. Makundi mawili, moja unatoa kwa jingine, jibu 0. Nambari hii ni 10,001 × 99,990,001. Andika: 99,990,001.

Kosa linalorudi kuliko yote liko hapa: kuhesabu kigawo kimoja mara mbili kwa sababu kimeonekana kwenye milango miwili. 101 imeonekana kwenye makundi ya mbili na tena kwenye ya sita. 11 imeonekana kwenye 1001, na pia umbo lenyewe lilitupa 11 katika hatua ya 2. Kuonekana mara mbili hakumaanishi kwamba kipeo chake (idadi ya mara kinavyoingia) ni 2. Ukitaka kujua kama kigawo kinarudiwa, gawanya kwanza, kisha ujaribu lile jibu la mgawanyo. Usiijaribu tena nambari ya mwanzo, maana itakujibu vile vile daima.

Hatua ya 6: Hakikisha vile vikubwa viwili ni tasa

Orodha yako sasa ni hii: 3, 7, 11, 13, 37, 73, 101, 137, 9901, 99,990,001. Vinane vya kwanza ni vidogo na utavithibitisha kwa orodha yako. Hivi viwili vya mwisho vinahitaji kazi kidogo, na wengi huviruka. Usiviruke. Nambari haijavunjwa mpaka kila kipande kiwe tasa.

Kwa 9901, kipeuo cha pili ni karibu 99.5, kwa hiyo ungejaribu nambari tasa zote 25 za orodha yako. Lakini umbo linasaidia tena. 9901 ni 100 × 100 − 100 + 1, na kigawo tasa chochote cha nambari ya umbo hilo lililotokana na 10 lazima kibakishe 1 ukikigawanya kwa 12. Katika orodha yako zenye sifa hiyo ni tano tu:

- 13: 13 × 761 = 9893, inabaki 8
- 37: 37 × 267 = 9879, inabaki 22
- 61: 61 × 162 = 9882, inabaki 19
- 73: 73 × 135 = 9855, inabaki 46
- 97: 97 × 102 = 9894, inabaki 7

Hakuna hata moja iliyoingia. 9901 ni tasa.

Kwa 99,990,001 ni mtindo ule ule. Ni mraba wa 10,000, ukatoa 10,000, ukaongeza 1. Safari hii vigawo tasa lazima vibakishe 1 ukivigawanya kwa 24, na kipeuo cha pili kiko chini kidogo ya 10,000. Nambari za namna hiyo hadi 9,999 ni 416, na nyingi kati yake zenyewe si tasa, kwa hiyo unaziruka. Anza na 73 (inabaki 3), 97 (inabaki 73), 193 (inabaki 175), 241 (inabaki 65), uendelee. Ni kazi ya jioni kadhaa ukitumia kalkuleta, au chini ya sekunde moja kwa kompyuta. Ni tasa. Nakushauri ujaribu angalau ishirini kwa mkono, maana mkono ukizoea baki huwi mtu wa kubahatisha tena.

Hatua ya 7: Zidisha kurudi

Usimwamini mtu yeyote, hata mimi, kabla hujazidisha. Fuata mpangilio huu na hutahitaji kalkuleta:

1. 3 × 37 = 111
2. 7 × 11 × 13 = 1001
3. 111 × 1001 = 111,111
4. 101 × 9901 = 1,000,001
5. 111,111 × 1,000,001 = 111,111,111,111
6. 73 × 137 = 10,001
7. 10,001 × 99,990,001 = 1,000,000,000,001
8. 111,111,111,111 × 1,000,000,000,001 = moja ishirini na nne

Tazama mstari wa 5 na wa 8. Kuzidisha kwa 1 iliyo mbali na 1 nyingine ni kuiandika nambari mara mbili tu, ubavu kwa ubavu. Na kwa kuwa kila kigawo tasa kimetumika mara moja na jibu limetimia, swali la kurudiwa tuliloacha kwenye hatua ya 5 limejibiwa: hakuna kinachorudiwa.

Hatua ya 8: Hesabu vigawo vyote

Tuna vigawo tasa kumi tofauti, kila kimoja mara moja. Kigawo chochote cha nambari yetu kinatengenezwa kwa kuchagua ni vipi kati ya hivyo kumi viingie na vipi visiingie. Kila kimoja kina chaguo mbili. Kwa hiyo idadi ya vigawo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani 1024, ukihesabu 1 na nambari yenyewe.

Kigawo tasa kikirudiwa, chaguo huongezeka. Kikiwa na kipeo cha 2, chaguo ni tatu: kisiingie, kiingie mara moja, kiingie mara mbili. Ndiyo kanuni nzima: ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha yote.

Hatua ya 9: Jumla ya vigawo

Kwa kuwa hakuna kinachorudiwa, ongeza 1 kwa kila kigawo tasa, kisha zidisha:

4 × 8 × 12 × 14 × 38 × 74 × 102 × 138 × 9902 × 99,990,002 = 210,684,862,752,827,820,392,448

Fanya kwa daftari la miraba, mstari kwa mstari. Vituo vya kujikagulia: baada ya 14 uwe na 5,376, baada ya 74 uwe na 15,117,312, baada ya 138 uwe na 212,791,283,712, baada ya 9902 uwe na 2,107,059,291,316,224. Ukipata tofauti, rudi kwenye kituo kilichotangulia, usianze upya.

Ukiitoa nambari yenyewe kwenye jumla hiyo, inabaki 99,573,751,641,716,709,281,337. Hiyo ni jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, na ni ndogo kuliko nambari. Nambari ya namna hii huitwa pungufu. Ina vigawo 1024 na bado havitoshi kuifikia! Sababu ni kwamba haina 2, na vigawo vidogo ndivyo vinavyoinua jumla. Kile cha 99,990,001 kwa mfano hakiinui kitu cha kuonekana.

Ukitaka idadi ya nambari kuanzia 1 hadi hapo zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1, badala ya kuongeza 1, toa 1 kwa kila kigawo tasa, kisha zidisha. Jibu ni 50,249,085,308,928,000,000,000.

Hatua ya 10: Desimali

Hili ndilo nililokuahidi. Chukua kigawo chochote cha nambari yetu kilicho kikubwa kuliko 1 na ugawanye 1 kwa hicho. Desimali itajirudia, na urefu wa kipande kinachojirudia lazima ugawanye 24.

- 1 ÷ 11 hurudia kila tarakimu 2: 09
- 1 ÷ 37 kila 3: 027
- 1 ÷ 101 kila 4: 0099
- 1 ÷ 7 kila 6: 142857, na 1 ÷ 13 pia kila 6: 076923
- 1 ÷ 73 kila 8: 01369863, na 1 ÷ 137 pia kila 8: 00729927
- 1 ÷ 9901 kila 12: 000100999899
- 1 ÷ 99,990,001 kila 24

Angalia: 1 (ambayo ni ya 3, maana 1 ÷ 3 hurudia tarakimu moja), 2, 3, 4, 6, 8, 12, 24. Vigawo vyote vya 24 vimejitokeza, kila kimoja na mwenyeji wake. Sababu ni fupi. Nambari yetu ukiizidisha kwa 9 unapata tisa ishirini na nne, na desimali inayojirudia si kitu kingine ila mgawanyo wa tisa tupu. Nilipoanza kuwafundisha wengine jambo hili niliona ndilo linalowafanya warudi, kwa sababu 1 ÷ 7 kila mtu ameshakutana nayo shuleni bila kuambiwa inatoka wapi.

Hatua ya 11: Kwa wenye Python

Iandike nambari hivi ili usikosee kuhesabu: n = int("1"*24). Kupata baki tumia n % 7. Kupata mgawanyo mzima tumia n // 7, mikwaju miwili.

Jaribio la haraka la utasa ni pow(2, n-1, n). Jibu likiwa tofauti na 1, nambari witiri hiyo si tasa, na hapo hakuna ubishi. Kwa nambari yetu jibu si 1. Likiwa 1, nambari *huenda* ikawa tasa, lakini hiyo si hati. 341 hupita jaribio hili na ni 11 × 31.

Sasa ondoa tarakimu moja. Weka n = int("1"*23) na ujaribu tena. Utapata 1, na safari hii ni kweli: moja ishirini na tatu ni nambari tasa, hilo limethibitishwa. Nambari yenye tarakimu 24 ina vigawo 1024, na jirani yake mwenye tarakimu 23 ana viwili tu. Wengine wa jamii hiyo walio tasa ni 11 yenyewe, moja kumi na tisa, moja 317 na moja 1031. Kati ya 2 na 1031 hakuna mwingine.

Kwenye Linux, amri ya factor ikifuatwa na nambari itakutolea vigawo tasa vyote mara moja. Itumie kukagua kazi yako baada ya kuifanya.

Ukikwama

*Kalkuleta inaonyesha 1.111111111 na E23, au ×10 na 23 juu yake.* Kalkuleta nyingi za shule huonyesha tarakimu 10. Zilizobaki zimekatwa, na ukigawanya hapo baki lolote utakalopata ni la uongo. Tumia makundi.

*Jedwali la kompyuta limegeuza tarakimu za mwisho kuwa sifuri.* Excel hushika tarakimu 15 tu. Baada ya hapo inakuwekea sifuri bila kukuonya, na nambari yako inakuwa shufwa ghafla. Usiitumie kwa kazi hii.

*Python imenipa jibu lenye e+22.* Umetumia mkwaju mmoja. n / 3 hukadiria. Lakini n // 3 hutoa 37037037037037037037037 kamili. Kosa lingine la jamii hii ni kuandika 10^24 ukitaka kipeo. Katika Python kipeo ni nyota mbili: 10**24.

*Nimezidisha kurudi na sikupata moja tupu.* Kwanza angalia kama umeiandika 11 au 101 mara mbili. Pili, angalia 9901 isije ikawa umeandika 9091. Macho hubadilishana hizo mbili kirahisi sana. Tatu, hesabu tisa za 99,990,001: ni nne, zikifuatwa na sifuri tatu na 1.

*Nambari yangu haina umbo lolote.* Basi anza na orodha ya nambari tasa hadi 97 ukitumia makundi pale yanapofaa, na kila ukipata kigawo, gawanya uendelee na kinachobaki, kwa kuwa kinachobaki ni kifupi zaidi. Nambari zenye vigawo viwili vikubwa tu, zilizotengenezwa makusudi zisiwe na umbo, ni ngumu kwelikweli. Ile iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020 baada ya kazi ya kompyuta nyingi. Hiyo si ya daftari.

*Jaribio linasema si tasa, lakini sioni kigawo.* Hilo ni jambo la kawaida na halimaanishi umekosea. Mfano ni moja kumi na saba. 17 ni tasa, kwa hiyo umbo halikupi kigawo cha bure, na nambari tasa zote za chini ya milioni mbili zinashindwa kuigawanya. Imeundwa na 2,071,723 × 5,363,222,357. Kinachopunguza kazi ni kwamba kigawo tasa chake chochote lazima kibakishe 1 ukikigawanya kwa 34, kwa hiyo unajaribu 35, 69, 103, 137 na kuendelea kwa kuruka 34, ukiacha zisizo tasa. 2,071,723 iko kwenye mruko wa 60,933. Kwa kompyuta ni kufumba na kufumbua.

*Nataka nyingine ya kujipima.* Chukua moja ishirini: unatafuta vigawo tasa saba, hakuna kinachorudiwa, na vigawo vyote ni 128. Ukiimaliza, chukua moja kumi na nane. Ni fupi zaidi lakini ina mtego, kwa sababu jumla ya tarakimu ni 18 na hiyo inagawanyika kwa 9. Idadi sahihi ya vigawo vyake ni 384. Ukipata 256, rudi hatua ya 8 usome kuhusu vipeo.